Mti Hauna Bega

Nilikuwa nimetumwa kitu kidogo tu. Chupa ya mafuta ya taa.

Jua lilikuwa linazama. Babu yenu alikuwa ameisahau chupa dirishani tangu asubuhi, na wakati huo babu yenu ana mikono yake yote miwili. Kazi yake ilikuwa kukata matawi kwenye bustani na barabara za mji. Mimi nilikuwa kwenye kitalu, naotesha miche ya maua, na tulikaa chumba kimoja pale pale nyuma ya kitalu, harufu ya mbolea mpaka kitandani. Mama yenu alikuwa tumboni. Mimba changa, hata haijaanza kuonekana.

Mlinzi wa kitalu akaja mlangoni.

"Mumeo anaomba mafuta yake. Amesema ufanye haraka."

Nikacheka. Babu yenu aseme haraka? Mtu ambaye wenzake kazini walimwita Polepole. Akifika kwenye mti anauambia pole kwanza, ndipo anaukata. Sisimizi wakipita njiani anasimama mpaka msafara uishe. Kuku nikitaka kuchinja yeye anatoka nje, anaenda kusimama barabarani mpaka nimwite. Nilivyoolewa naye mama yangu alisema, mwanangu, huyu hatakupiga, lakini mwizi akija utamfukuza wewe.

Basi nikachukua chupa, nikatoka.

Yale mafuta yalikuwa ya panga. Niwaeleze, ili mnielewe.

Barabara ya kwenda hospitali ilikuwa na miti ya maua mekundu pande zote mbili. Ikichanua ilikuwa haibaki na jani hata moja, maua matupu, barabara nzima utadhani imewashwa. Watu walikuwa wanakuja kupigia picha za harusi pale. Mwaka ule majani yakaanza kujikunja. Vikonyo vikavimba. Matawi yakaota manundu, nundu juu ya nundu, kama mtu aliyeumwa na nyuki mwili mzima. Ofisi ya kilimo ikatuletea kijana mmoja mwenye miwani, sisi tukamwita Bwana Wadudu. Akapasua nundu moja kwa wembe mbele yetu. Ndani kulikuwa na vyumba. Vidogo kama punje za ufuta, na kila chumba kina funza mweupe amejikunja.

"Ni nyigu," akasema. "Mdogo kuliko chawa, hata huwezi kumwona akiruka. Ametoka nje huko. Anatia yai kwenye jani changa, basi, kazi yake imekwisha. Mdudu hajengi. Mti wenyewe ndio unavimba na kumjengea."

Nyapara wetu akatoa amri. Kata shibiri moja chini ya uvimbe, penye mti safi. Choma yote siku hiyo hiyo. Na kila ukitoka mti mmoja kwenda mwingine, panga limwagiwe mafuta, lipitishwe kwenye moto, ndipo uendelee.

Ndiyo chupa niliyobeba.

Sasa, wajukuu zangu, hapa ndipo kosa langu lilipo, na nimelibeba mpaka leo. Nilisimama kwa muuza mkaa. Alikuwa na habari ya jirani yetu mmoja aliyehama usiku na kabati la mkewe. Habari tamu. Nikauliza hili, nikauliza lile, kabati lilipitaje mlangoni. Nilipokumbuka nimetumwa, taa za madukani zilikuwa zinawashwa.

Nikakimbia.

Nilimkuta kwenye ua wa Mama Sindano. Huyu alikuwa mshonaji, mjane, mwanamke mwembamba aliyekuwa anatushonea sare za kazi. Ndani ya ua wake kulikuwa na mti wa maua mekundu, mkubwa kuliko yote ya barabarani. Wenzake babu yenu walishaondoka. Ulikuwa umebaki huo mmoja tu.

Nikausikia kabla sijauona vizuri.

Kr... kr... kr...

Kama watu wengi wanakunja vidole, vidole vinalia.

Na harufu. Miti mingine ilinukia majani mabichi. Ule ulinuka jasho. Jasho la mwanamume, na tumbaku, na shati lililolowa likakaukia mwilini. Nikaangalia juu. Manundu ya barabarani yalikuwa ya duara. Haya yalikuwa na mafundo manne manne kwa mstari, na moja limejikunja chini yake.

Ngumi. Mti mzima ulikuwa umeota ngumi.

Mama Sindano alikuwa amesimama kati ya babu yenu na shina. Anazungumza kwa kunong'ona, kama kuna mtu amelala.

"Mwanangu, huu uache."

"Ni amri, mama. Mimi natumwa tu."

"Huu una mtu."

"Mtu gani?"

Alitazama juu kwenye matawi, akashika taya lake.

Babu yenu akamsogeza taratibu, kwa bega, kama anavyosogeza mche. Akaweka kiganja kwenye shina. "Pole," akauambia. Akapiga.

Mti ule haukutoa utomvu mweupe kama mingine. Ulitoa kitu cheusi, kizito, kikateremka kwenye panga mpaka kwenye mpini. Akapiga tena. Tawi likaanguka. Lilipogusa ardhi zile ngumi zikafumbuka kidogo, halafu zikajifunga. Niliona kwa macho yangu. Akaendelea kupiga, matawi yakaendelea kuanguka, na kila likianguka Mama Sindano alikuwa anaruka kama amepigwa yeye.

Kisha babu yenu akafanya wanachofanya wakata matawi wote. Panga likianza kuwa butu wanalipitisha kwenye jiwe mara mbili tatu, halafu wanajaribu makali kwenye mkono wao. Wananyoa vinyweleo. Kama vinanyoleka, sawa, twende kazi. Hawafikirii. Ni kama wewe kupuliza chai.

"Ngoja," nikasema. "Mafuta nimeleta."

Akapitisha makali kwenye mkono wake wa kushoto.

Mstari mwembamba tu wa damu. Kama umekwaruzwa na paka. Na ule weusi wa panga ukaingia mle, ukamezwa. Tuliona wote watatu. Ngozi ikaumeza.

Ule mlio wa juu ukanyamaza.

Mama Sindano akaangalia mkono wa mume wangu. Muda mrefu. Halafu akaokota kitambaa chake cha kichwa kilichoanguka, akakikung'uta.

"Basi," akasema. "Kateni tu wote. Hamna kitu tena humo."

Akaingia ndani, akafunga mlango. Nikasikia anaweka komeo. Halafu anasukuma meza mlangoni.

Siku tatu hakukuwa na neno. Siku ya nne vikatoka vipele kwenye ule mstari. Vidogo, kama ufuta. Babu yenu akavipaka mafuta ya kupikia. Siku ya sita vilikuwa kama maharage. Siku ya nane mkono kutoka kiwiko kwenda chini ulikuwa umevimba, una mafundo, mgumu ukiugusa kama gogo. Lakini hauumi. Ndicho kilichonitisha. Alisema unawasha tu, tena ndani, kama kuna watu wanahamia nyumba.

"Nenda hospitali."

"Nitakwenda Jumatatu."

Mnajua wanaume na Jumatatu.

Kitu cha kwanza kilikuwa kikombe. Alikuwa anakunywa chai kwa mkono wa kulia, huku anaongea nami. Mkono wa kushoto ukanyanyuka, ukashika kikombe kingine pale mezani, ukakibana. Kikapasuka. Ukaendelea kubana. Vigae vinaingia kwenye nyama, damu inatiririka mezani, na yeye bado ananieleza habari za kazini, hajajua.

"Mkono wako," nikasema.

Akautazama kama unavyomtazama mgeni aliyeketi bila kukaribishwa.

Kesho yake ikawa paka wa kitalu. Sitawaeleza paka. Nilimzika mimi, vipande vyote.

Halafu nyapara. Mwanamume mnene, mtani, mtu wa watu. Alimkuta babu yenu amekaa kazini ameukalia mkono, yaani ameuweka chini ya paja lake. Akamtania. "Polepole, unaatamia? Utatuangulia vifaranga lini?"

Mkono ukatoka.

Waliokuwepo walisema hawakuona ngumi ikienda. Waliona nyapara ameshalala. Meno manne chini. Na mkono haukutosheka, ulimfuata pale chini, ukawa unampiga usoni, tena kwa mpangilio, jicho hili, jicho lile, mdomo, kama fundi anayejua kazi yake. Na babu yenu juu yake analia. Anaita, "Nishikeni, jamani, nishikeni." Wanaume watano ndio waliomtoa.

Babu yenu alikuwa hajui kupiga hata ngoma. Na mkono wa kushoto alikuwa hawezi hata kushikia kijiko.

Jioni ile wenzake walikuja kumwona. Wakacheka kidogo, wakasema basi sasa tumwite Harakaharaka. Hakuna aliyekaa karibu naye.

Mimi nilipigwa siku mbili baadaye. Mchana, nakoroga chakula. Nilisikia tu harufu ile ya tumbaku. Babu yenu hakuwa anavuta tumbaku maisha yake yote. Nikageuka. Ngumi ikanikuta shavu la kulia, nikaenda mpaka ukutani na mwiko wangu. Nilipofumbua macho nilimwona ameung'ata ule mkono kwa meno, juu ya kiwiko, ananguruma kama mbwa, machozi yanachuruzika. Macho yake yananiomba radhi. Mkono hauombi kitu. Unajikunja na kujikunjua.

Usiku huo alilala nje, amejifungia kwenye banda la majembe.

Alfajiri nikaamka nimelala chali. Kuna kiganja juu ya tumbo langu, chini ya kitovu, pale pale mama yenu alipo. Kinapapasa taratibu. Nikafikiri, masikini, amekuja, anamsalimia mwanawe.

Kr... kr...

Kikawa kinajikunja. Kidole kimoja kimoja.

Nilijiviringisha. Ngumi ikapiga kitanda, ubao ukakatika. Yeye alikuwa amelala. Mnanielewa? Amesimama wima pembeni ya kitanda, macho yamefungwa, anakoroma, na mlango wa banda nje umevunjwa kutoka ndani. Nikampiga na ndoo ya maji kichwani mpaka akaamka.

Alipoelewa, alikaa chini. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Mke wangu, wakati mwingine haitapiga kitanda."

Nilijifunga kitambaa kichwani nikaenda kwa Mama Sindano.

Nilimkuta kwenye cherehani, anashona pazia. Ua wake ulikuwa mtupu, kisiki tu kimebaki. Hakushangaa kuniona. Aliondoa mguu kwenye pedali.

"Kakupiga upande gani?"

Nikageuza shavu.

"Kulia," akasema. "Ndiye. Alikuwa mtu wa mkono wa kushoto."

Akanishika vidole, akaviweka kwenye taya lake, upande wa kulia. Chini ya ngozi mfupa ulikuwa umeunga vibaya, kama ngazi. Akanipitisha kwenye mbavu. Akanipitisha kwenye mkono, mahali pawili.

"Mume wangu," akasema. "Mimba nne. Zote alizitoa yeye, kwa huo mkono."

"Ukafanya nini?"

"Nikaenda kwa mganga. Nikamwambia muue. Akasema kuua siwezi, lakini naweza kumtoa ngumi yake nikaiweka mahali isipoweza kupiga. Nikampelekea kucha za mkono ule, na vinyweleo. Akapasua gome la ule mti, akavitia, akafunga kwa kitambaa, kama ninyi mnavyofunga miche yenu. Mkono wa mume wangu ukakauka kama ukuni. Alikaa miaka miwili ananitazama tu, halafu akafa."

"Na ngumi?"

"Ikakaa. Mti hauna bega, mwanangu. Hata ukiwa na hasira kiasi gani, hauwezi kunyanyua. Usiku nilikuwa naisikia inagonga kwa ndani, lakini ilikuwa moja, na imefungwa. Nikawa nalala." Akachomoa sindano kwenye pazia, akaichomeka kwenye nguo yake kifuani. "Halafu akaja huyo mdudu wenu. Mganga hakuniambia habari ya mdudu. Kauvimbisha mti, kauwekea vyumba. Ile ngumi moja ikapata nyumba mia. Ikazaa. Ilikuwa inangoja bega tu."

Cherehani yake ilikuwa na uzi mweupe, nakumbuka, ukitikisika.

"Mganga yuko wapi?"

"Alishakufa."

"Sasa mimi nifanye nini?"

Aliniangalia kama unavyomwangalia mtu anayeuliza tundu la sindano liko wapi.

"Si wewe ndiye mtu wa miche? Tawi likivimba mnafanyaje?"

Nilirudi. Jua lilikuwa la saa sita, kali, watu wako kazini, redio inaimba kwa jirani. Nilimkuta babu yenu kwenye meza yetu ya miche. Ilikuwa ya mbao nzito, tunakatia vipandikizi hapo. Alikuwa ameufunga mkono juu ya meza kwa kamba, kwa mkono mmoja na meno. Amefunga hovyo. Mkono ulikuwa unazivuta zile kamba, meza inasogea. Ulikuwa mweusi, na mafundo yamepanda. Jana yalikuwa yameishia kwenye kiwiko. Sasa yalikuwa yameshika nusu ya kwenda begani.

"Yakifika begani," akasema.

"Najua."

"Basi unajua."

Tulikuwa watu wa kazi moja.

Nilichukua mpira wa ndani wa baiskeli, ule tunaofungia miche, nikamfunga juu kabisa, karibu na kwapa, nikakaza kwa goti mpaka akalia. Nikampa mpini wa jembe auume. Nikawasha jiko, nikaweka panga lipate moto. Nikapima kwa kiganja, kutoka uvimbe kwenda begani, maana kwa mtu bega ndilo shina. Shibiri moja chini ya uvimbe, penye mti safi. Kiganja changu kidogo. Shibiri ikaniishia kwenye maungio ya bega. Ningesubiri saa moja pasingekuwa na mahali pa kukata.

Shoka letu la magogo lilikuwa fupi, zito.

Mkono ulijua. Ukaacha kuvuta. Ukalala juu ya meza, umefunguka, kiganja juu, kama mtoto anayeomba. Na kutoka kwenye yale mafundo, sijui niwaambieje, ikatoka sauti. Nyembamba. Kama watu wengi sana wanaongea nyuma ya ukuta.

"Usiutazame," mume wangu akasema na mpini mdomoni. "Piga."

Pigo la kwanza lilifika kwenye mfupa. Damu ikaruka mpaka kwenye dirisha. Mkono ukasimama wima, kamba zikakatika kama nyuzi, ukanishika nywele, ukanivuta. Nikapiga pale pale nilipovutwa, paji langu limegusa nyama yake. Pigo la pili. Mfupa ukalia. Babu yenu akazimia, mpini umevunjika mdomoni.

Na tumboni, kwa mara ya kwanza, mtoto akacheza.

Teke.

Nikapiga la tatu. Ukatoka.

Nakumbuka matatu. Baada ya hapo nakumbuka nimesimama, nahema, shoka liko juu, na mtoto anacheza, teke, teke, teke. Halafu nikachukua panga lenye moto, nikamchoma kidonda. Harufu hiyo sitawapa.

Mkono niliutia kwenye pipa la kuchomea matawi, na mafuta ya taa yote ya ile chupa. Ulipasuka kama mahindi. Pa. Pa. Kutoka kwenye kila pasuko kikatoka kimoshi chembamba, na ndani ya moshi vijidudu, vidogo mno, kama vumbi lenye mabawa. Vilizunguka pipa. Vingine vilitua kwenye viganja vyangu, penye damu. Nikavifuta. Nadhani nilivifuta vyote.

Nyapara mwenyewe, na uso wake umefungwa bandeji, ndiye aliyetupeleka hospitali kwa gari la kubebea miche. Huyo alikuwa mtu.

Daktari alikuwa mwanamke, mtu mzima, mchovu. Alishona alichoshona. Alipomaliza akaniita pembeni. Nikamweleza yote, tangu chupa. Akaniacha niseme mpaka mwisho.

"Utomvu wa ile miti unavimbisha ngozi," akasema. "Tumepata wakata matawi wawili mwezi huu, mikono imevimba hivyo hivyo. Nimewapa dawa ya kupaka. Wamepona."

"Na ngumi?" nikamwuliza. "Alikuwa hajawahi kunipiga, daktari. Alikuwa anapisha sisimizi."

Akaliangalia shavu langu. Akaweka mkono wake juu ya wangu, na nilijua anafanya hivyo kwa wanawake wengi.

"Mama," akasema, "mume kumpiga mkewe hakuhitaji mdudu."

Ile miti mingine ya barabarani ilikatwa yote, ikapandwa ya aina nyingine. Mama Sindano alihama, hakuaga. Wale wakata matawi wawili niliwatafuta. Ni kweli walipona. Mmoja nilimwuliza kama mkono wake uliwahi kufanya kitu bila yeye kujua. Alinitazama, akamwita mkewe aje aniondoe.

Wiki tatu baadaye babu yenu akarudi nyumbani. Amekonda, mkono mmoja wa shati umefungwa kwa pini. Chumba nilikuwa nimekisafisha, ukuta nimepaka chokaa, meza nimeisugua kwa mchanga. Akakaa kwenye ile meza. Akawa anapitisha vidole vya mkono wake wa kulia juu ya mbao, taratibu, kama anavyofanya kila kitu.

"Ulipiga mara ngapi?" akaniuliza.

"Mara tatu."

"Ukatoka la ngapi?"

"La tatu."

Vidole vyake vinatembea. Kidole kinaingia kwenye alama, kinatoka. Kinaingia kwenye nyingine. Alama za shoka, ndefu, zimeingia ndani sana, na ndani yake mchanga wangu haukufika, bado pekundu. Nilimwona anahesabu kwa midomo, bila sauti.

Hesabu ilifika kumi na moja.

"Nyingine ni za zamani," nikasema. "Za magogo."

"Sawa, mke wangu."

Alikuwa akiongea na mimi, lakini macho yake yako kwenye mikono yangu. Nikaificha kwenye nguo. Mama yenu akanipiga teke.

Tulikaa miaka arobaini na mmoja baada ya hapo. Tulimlea mama yenu, tukawalea na ninyi. Hakuwahi kuninyanyulia sauti, wala mimi sikumwinulia mkono hata siku moja, Mungu ni shahidi. Alikuwa mume mwema, mnamjua. Alinipenda. Alikufa nimemshika kichwa.

Lakini kutoka jioni ile mpaka mwisho, kila usiku, hata akiwa mgonjwa, hata ubavu ukimuuma kwa kulalia upande mmoja, babu yenu hakuwahi kulala akiwa amenipa mgongo.